Ushauri: nipo Mtwara, nataka kuwa mwandishi wa kujitegemea anayezunguka dunia

Mwana Shangani: Wakuu, salaam. Nina stashahada ya uandishi wa habari na Kiingereza changu kipo vizuri. Nataka kuandikia magazeti ya nje, nisafiri, na baadaye nitoe kitabu. Akiba ni milioni 3. Ninunue tiketi ya Vietnam nikaanzie huko? Na mhariri wa nje anataka kuona nini hasa?

Kitangali: Mkuu, hiyo akiba usiiguse. Tiketi hununuliwa kazi ikishapatikana. Mhariri wa London ana waandishi tele walioko Hanoi. Wa kumpigia simu Tandahimba hana. Anzia hapo ulipo.

Kinachowaangusha wengi ni kutuma mada badala ya habari. "Korosho za kusini" ni mada. Habari ni hii: mkulima anamwuzia mtu wa kangomba (mlanguzi anayenunua nje ya mfumo rasmi) korosho ambazo bado ni maua, kwa sababu hela ya kuhudumia shamba inatakiwa leo na mnada wa stakabadhi ghalani, ndio mfumo rasmi wa kuuza kupitia maghala, haufunguliwi mpaka Oktoba. Hapo kuna mtu, kuna pesa, kuna saa inayokimbia.

Pendekezo la habari unalomtumia mhariri lisizidi maneno 300. Fungua na huyo mkulima, si na historia ya zao. Kisha eleza kwa nini iandikwe sasa, nani umeshaongea naye (AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, mnunuzi, afisa ushirika), urefu unaopendekeza, na lini utakabidhi. Mwisho weka mistari miwili kuhusu wewe na kazi mbili ulizochapisha. Mtumie mhariri mmoja kwa jina lake, si anwani ya jumla. Siku 10 zikipita kimya, kumbusha mara moja. Kimya tena? Peleka kwingine.

Na Vietnam utaifika. Korosho ghafi zetu nyingi zinabanguliwa huko na India, kwa hiyo habari ya pili inaweza kufuata gunia kutoka bandari ya Mtwara hadi kiwandani. Hapo sasa unaomba nauli ukiwa na sababu.

Mwana Shangani: Na Tendaguru je? Mjusi wetu mkubwa wa kale, dinosaria, aliyepo Berlin?

Kitangali: Kuchimbwa kwake 1909 hadi 1913 kumeandikwa mpaka basi. Tafuta upande usioguswa: wachimbaji na wapagazi waliobeba mifupa kwa miguu hadi Lindi, au Boheti bin Amrani aliyewasimamia wachimbaji. Ukipata wajukuu wa wapagazi wanaosimulia walichoachiwa, hiyo ni habari.

Hesabu Kwanza: Niongezee pesa, maana hapa ndipo watu hulizwa. Kabla hujaandika neno moja, pata kwa barua pepe mambo haya: idadi ya maneno, bei, gharama za safari nani analipa, na fidia wakiamua kutoichapisha makala uliyoandika. Tuseme ni maneno 1,200 kwa dola 0.40 kila neno: hiyo ni dola 480. Fidia ya asilimia 25 ni dola 120. Uliza pia unalipwa wakipokea au wakichapisha, kwani makala inaweza kulala miezi sita droo ya mhariri.

Fungua akaunti ya dola. Kwenye ankara, jina liwe herufi kwa herufi kama la benki, na weka SWIFT, ile namba ya utambulisho ya benki yako kimataifa. Omba wakutumie kwa utaratibu wa OUR, mtumaji abebe ada zote. Wakichagua SHA, yaani ada mgawane, benki za katikati hukata njiani, na kwenye malipo madogo inauma.

Usisaini "haki zote". Toa haki ya kuchapisha mara ya kwanza tu, habari hiyohiyo utaihitaji kwenye kitabu.

Bi. Mikindani: Mwanangu, nyaraka. Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 inataka ithibati, yaani kibali cha kufanya kazi ya uandishi wa habari, kamilisha hiyo kwanza. Pasipoti iwe imebakiza zaidi ya miezi sita kabla ya kuisha. Kadi ya homa ya manjano siku hizi haiishi muda, chanjo moja ni ya maisha. Viza ya utalii si ya kuripoti: Marekani wana aina ya I kwa wanahabari, na ukibambwa ukiwa na kamera ilhali umeingia kitalii, safari imekwisha.

Na usivuke Ruvuma kwenda Cabo Delgado, Msumbiji, kisa ni karibu. Vita ile ipo tangu 2017. Bila bima, mafunzo ya usalama na mhariri anayejua ulipo kila jioni, acha.

Hesabu Kwanza: Kitabu kisubiri. Wakala wa vitabu, anayekutafutia mchapishaji, huchukua asilimia 15, na malipo ya awali hukatwa kwenye mrabaha wako (fungu lako la mauzo), si zawadi. Atataka muhtasari wa kila sura na sura moja iliyokamilika. Makala nne tano za korosho zikishatoka, sura hiyo unayo.

Mwana Shangani: Nimewaelewa. Jumamosi naenda Tandahimba. Nirekodi kwa simu?

Kitangali: Rekodi, na andika pia. Akisema kwa Kimakonde, nakili maneno yake yenyewe kwanza, tafsiri baadaye. Rasimu ilete hapa tuikague, ila jina la mkulima na kijiji chake vitoe: kangomba ni kosa kisheria, na atakayefuatwa ni yeye.