Mtoto mwenye kipaji cha hisabati: tumfundishe nini likizo ya kiangazi?

Swali

Shikamooni wakubwa zangu, na wengine nawasalimu. Mwanangu yuko darasa la sita hapa New York, na mwalimu wake ananiambia kuwa hisabati ya darasani haimtoshi. Naomba ushauri wa kumfundisha hisabati na uandishi wa programu za kompyuta kiangazi kijacho, maana ada za kambi nilizoziona hatuziwezi.

Jibu la kwanza

Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa malezi.

Kuhusu ada, ulizia BEAM, mpango wa hisabati ulioanzishwa mwaka 2011, ambao huwafundisha bure watoto wa rika hilo kutoka familia za kipato cha chini, huko New York na Los Angeles. Zungumza na shule yake wakati huu wa baridi; usingoje Mei. CTY, kituo cha vijana wenye vipaji cha Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, hutoza ada, lakini kinao msaada wa fedha, na inasikitisha kwamba wazazi wetu wengi huona haya kuuomba.

Kuhusu mafunzo yenyewe, nakusihi usimkimbize kwenye aljebra ya mwaka ujao, kwa sababu Septemba atakaa darasani akisikiliza anachokijua tayari, na uchovu utakuwa ule ule. Mpe swali gumu linaloanza na hesabu anazoziweza. Kwa mfano, achague namba nzima iliyo kubwa kuliko sifuri. Ikiwa shufwa aigawe kwa mbili, ikiwa witiri aizidishe kwa tatu na kuongeza moja, kisha arudie hivyo hadi afike 1. Aanze na 7 kwa kalamu na karatasi: atapata 22, 11, 34, 17, na baada ya hatua 16 atakuwa amefika. Halafu mpe 27, ambayo hupanda hadi 9232 na kuhitaji hatua 111. Atachoka na kukosea katikati, na hapo ndipo atakapoitaka kompyuta mwenyewe, kwa kuwa sasa ana jambo la kuiuliza. Kwa lugha ya Python, ambayo ni ya bure, programu yake haizidi mistari kumi. Akiimaliza, atafute ni namba ipi chini ya 100 yenye hatua nyingi kuliko zote. Ni 97, ila usimwambie. Mwambie tu kwamba tangu enzi za mwanahisabati Mjerumani Lothar Collatz hakuna aliyethibitisha kuwa kila namba hufika 1.

Hata kama hujui Python, kaa naye akueleze kila mstari kwa Kiswahili. Anapobabaika, ndipo hajaelewa.

Jibu la pili

Naunga mkono, na naongeza maswali ya miaka iliyopita ya mtihani wa AMC 8, shindano la hisabati la Marekani kwa wanafunzi wa hadi darasa la nane. Mtihani wenyewe una maswali 25 kwa dakika 40, lakini kiangazi swali moja kwa siku latosha, na saa iwekwe kando.