Naomba ushauri: naingia mlimani na baiskeli kwa mara ya kwanza

Habari zenu wakuu. Nimezoea kuendesha kwenye lami, ila wiki tatu zijazo naingia mlimani, njia ya mawe na mizizi, kilomita 25 hivi. Juzi nilijaribu kilima kimoja cha changarawe. Kupanda nilihema lakini nilifika. Kushuka ndiko kulikonitoa jasho: nilikuwa nimejaza upepo psi 50, baiskeli ikawa inadunda kama mpira, na breki nilizikaba mpaka vidole vikafa ganzi.

Ubavuni mwa tairi imeandikwa 35 hadi 65. Nina kilo 78 na natumia tyubu. Nikipunguza hadi 35, tyubu haitabanwa na mawe ikapasuka? Na kwenye mteremko, siti mnaishusha kiasi gani?

Helmeti, glavu, pampu, tyubu ya akiba na viraka ninavyo. Kifaa cha kukatia cheni sina. Kweli kinahitajika, au ni mzigo tu?

Mazoezi ya pumzi msinihubirie sana, mapafu nayamudu. Shida ni mikono. Aliyewahi kupitia hili anielekeze, tafadhali.