Chakula cha Namugongo Juni 3: rolex, kuku wa kijiti au sahani ya sufuria?

Msafiri wa Busia
Ndugu zangu, salamu. Ninaongoza mahujaji 18 kutoka Busia, na tutatembea takriban kilomita 200 hadi Namugongo, karibu na Kampala, kwa sikukuu ya Mashahidi wa Uganda. Mwaka jana wenzetu wanne waliharisha usiku wa tarehe 2 baada ya kula wali na nyama ya sufuria moja kando ya njia, na kijana mmoja akaikosa misa ambayo alikuwa ametembea siku sita kuifuata. Sahani ya wali na nyama ndiyo inayomshibisha mtu aliyetembea, rolex (chapati iliyoviringishiwa mayai ya kukaanga) ndiyo nafuu, na kuku wa kijiti na gonja yake (ndizi tamu ya kuchoma) ndiyo tamu kuliko vyote. Hata hivyo, rolex ya mayai mawili ambayo kwetu nainunua kwa shilingi 2,500 za Uganda niliuziwa huko kwa 4,000. Ongezeko hilo linalipia nini?

Mama Kikaango
Mwanangu, mimi ni muuzaji, kwa hiyo nitajibu nikiwa upande wa jiko. Siku za sikukuu nalipia nafasi, namlipa kijana anayelinda mkaa usiku, na bodaboda inayoniletea mayai hupenya katikati ya umati, hata trei nyingine hunifikia zimepasuka nusu. Bei kupanda siioni kuwa dhuluma. Dhuluma iko kwenye donge: kilo moja ya unga hunipa chapati 10, lakini siku ya umati utawakuta wenzetu wakikata madonge 14, wakiisukuma chapati mpaka mwanga unapita, na yai la pili wakaliongezea maji na kabichi. Simama karibu na bamba, hesabu mayai yanapovunjiwa kikombeni, kisha ndipo utoe fedha.

Afisa Afya Mstaafu
Mama amesema kweli kuhusu bei. Kuhusu ugonjwa, mimi huuliza kwanza chakula kimepikwa saa ngapi. Kikikaa kati ya nyuzi 5 na 60 za Selsiasi, vijidudu huzaana upesi, na wali una hatari yake ya pekee, kwa sababu mbegu za bakteria fulani hustahimili kuchemshwa, na sumu wanayoitoa wali ukikaa vuguvugu haiondoki hata ukipashwa moto upya. Mwombe muuzaji afunue sufuria. Usipoona mvuke, nenda zako. Rolex hutoka motoni na kuingia mkononi mwako, kwa hiyo mimi huichagua, ila mtazame pia mpishi: nimewaona wanaopokea noti chafu kwa mkono ule ule unaorudi kwenye unga.

Kijana wa Jinja
Mzee wangu, wewe huchagua rolex, lakini naomba nimtetee kuku kidogo. Mahujaji wa barabara ya Jinja watapita Namawojjolo, penye wachoma nyama kando ya barabara, kabla ya kufika Mukono, na pale wateja wa magari hawakatiki, kwa hiyo nyama hailali. Ni ghali kuliko rolex, nakiri.

Afisa Afya Mstaafu
Kijana wangu, wateja wengi ni dalili njema, lakini hawaivishi nyama. Baadhi ya wachomaji huchoma nusu, huweka kando, kisha humalizia gari linaposimama. Chana paja pale penye mfupa. Ukiona wekundu na majimaji ya damu, mrudishie alichome tena mbele yako.

Mama Kikaango
Nanyi mnaokuja na kundi, mtumeni mtu mmoja mapema aagize. Ukiniambia asubuhi kwamba unataka rolex 18 saa saba, nitakanda unga wenu peke yake, na bei nitaipunguza, kwa sababu nina hakika hautalala. Mje na visahani vyenu. Gazeti huacha wino kwenye chapati ya moto, na kaveera (mfuko wa plastiki) haifai kwa chakula kinachotoa mvuke.

Msafiri wa Busia
Asanteni sana. Namawojjolo tutanunua gonja tu na kuku kwa atakayejilipia, na paja litachanwa kwanza. Namugongo tutaagiza rolex asubuhi, na kila mtu atabeba kisahani chake. Mama, jioni ya tarehe 2 unakuwa upande gani wa barabara?