Presha 152/96, dawa imenivimbisha miguu nikaiacha. Naombeni ushauri

Bajaji ya Bluu:
Wakuu habari za jioni. Mimi ni dereva bajaji hapa Mtwara, ruti yangu mjini hadi Mikindani, umri 44. Mwezi uliopita walikuja watu wa afya kijiweni kupima bure, nikapanga foleni kuwaunga mkono wenzangu tu. Mashine ikasoma 156/98. Nikasema mashine mbovu. Wiki iliyofuata nikaenda zahanati, 152/96. Na siumwi chochote, kichwa hakigongi, usingizi napata.

Nikapewa amlodipini, kidonge kimoja kwa siku. Siku ya kumi na kitu viatu vikaanza kubana, kumbe miguu imevimba. Nikaacha kimyakimya. Sasa hivi mama mkwe ananichemshia majani ya mlonge.

Swali langu: nikibadili maisha tu bila dawa, itashuka? Chumvi ya mezani nyumbani nimeshapiga marufuku. Mzee wangu alipooza upande mmoja akiwa na miaka 58, ndiyo maana nimeona niulize.

Mchonga Mtumbwi:
Kitunguu saumu punje mbili alfajiri, kabla hujasema na mtu. Babu yangu kafika miaka 90 hajui zahanati inafananaje.

Mwali wa Shangani:
@Mchonga babu yako alikuwa anakwenda shamba kwa miguu na kurudi kwa miguu. Huyu kutwa kakalia siti.

Nesi Mstaafu:
Mwanangu, kutoumwa kusikudanganye. Presha hukaa miaka kimya, siku ikisema inasema kwa kiharusi, na wewe umeshaona kwa baba yako.

Miguu kuvimba ni jambo linalojulikana kwa amlodipini. Rudi ulikopewa useme, kuna dawa za aina nyingine. Kuacha mwenyewe ndiyo kosa.

Kubadili maisha kunasaidia kweli. Kwa mwenye uzito mkubwa, kila kilo inayotoka inaweza kushusha namba ya juu kwa kama pointi moja. Wengine hufika mahali dozi ikapunguzwa, ila anayeipunguza ni daktari.

Na ukienda kupima usishuke kwenye bajaji ukanyoosha mkono hapo hapo. Kaa dakika tano, umeshakojoa, mgongo umeegemea, mkono uko usawa wa moyo. Kahawa na sigara ziwe zimepita nusu saa.

Mama Ng'onda (Lindi):
Baba, chumvi ya mezani umeifukuza, sawa. Hebu tuambie jana ulikula nini toka asubuhi.

Bajaji ya Bluu:
Asubuhi chapati na supu ya pweza. Mchana wali na ng'onda wa nazi. Nikisubiri abiria natafuna korosho za chumvi, mifuko miwili mitatu. Usiku ugali na mchuzi wa dagaa, mke anatia kile kiungo cha kidonge.

Mama Ng'onda (Lindi):
Haya, chumvi yote hiyo imepita mlango wa nyuma! Inayoshauriwa kwa siku nzima haizidi kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo ndani ya chakula. Wewe mchana tu ulishakimaliza.

Mume wangu ana presha mwaka wa tisa. Kwangu ng'onda au papa analala kwenye maji, namwaga mara mbili, halafu simtii chumvi tena. Ndimu, pilipili, tangawizi na kitunguu vinafanya kazi yake. Kidonge cha mchuzi hakiingii jikoni. Nimepikia nyumba nzima chungu hichohicho, maana ukimpikia mtu chake peke yake atadokoa cha wenzake. Mwezi wa kwanza walinung'unika, sasa wakila arusini wanaomba maji.

Mwali wa Shangani:
Na hapo hajataja uraka wa msimu huu 😂

Bajaji ya Bluu:
Uraka Jumamosi tu jamani. Ila Nesi, nina jambo. Mgongo unaniuma kwa kukaa, kila siku nameza diklofenaki ya duka la dawa. Ina shida?

Nesi Mstaafu:
Ina shida kubwa! Hizo dawa hufanya mwili ushike chumvi na maji, presha inapanda, na hata uvimbe wa miguu zinaweza kuuchangia. Kamwambie daktari kesho. Mgongo nao unadai utembee: nusu saa, siku tano za wiki, kwa mwendo wa kukupa jasho. Na uraka upungue, pombe nayo inapandisha.

Bajaji ya Bluu (wiki ya sita):
Wakuu nimerudi. Nimebadilishiwa dawa, diklofenaki nimeacha, viatu vinaingia. Alfajiri natembea ufukweni Shangani kabla ya kuwasha chombo. Juzi nimepima 138/86. Mama mkwe anatangaza mtaani kuwa ni mlonge wake, nimemwachia sifa. Korosho nakaanga mwenyewe bila chumvi. Abiria wanaomba, wakionja wananirudishia.