Naomba ushauri: kuwaita koyoti kwa filimbi
Wakuu habari zenu. Niko Texas huku, kuna jamaa ana ranchi ya mbuzi kaniruhusu niwinde koyoti, yaani kama mbweha wetu ila kakubwa zaidi, wanamlia sana vitoto vya mbuzi. Leseni ninayo, bunduki ya risasi saizi .223 ninayo, shida kuwaita. Nimenunua ile filimbi inayolia kama sungura aliyeumia, jumamosi alfajiri nikajibanza kichakani nikapuliza mpaka mashavu yakauma, akatokea mmoja kwa mbali, badala ya kunyoosha akazunguka kule upepo unakoelekea, kunusa tu, huyoo kapotea! Sasa nikae vipi na upepo? Nipulize mfululizo au nipumzike kidogo? Na hizi spika za rimoti, zile zinazotoa sauti za wanyama badala ya kupuliza, zinasaidia kweli au ni kuliwa hela tu?