Msaada: if moja inaibebesha programu yangu mzigo, na [[likely]] haisaidii

Mtoa mada:
Wakuu habari za jioni. Niko Moshi, naandika programu ya C++ ya kukagua picha za punje za kahawa zikipita kwenye mkanda. Pikseli ikiwa nyeusi, naandika namba yake:

`if (p[i] < kiwango) orodha[n++] = i;`

perf (kifaa cha kupima utendaji) inaonyesha branch-misses, yaani mara ambazo prosesa imebashiri vibaya tawi la if, zimejaa mstari huu mmoja. Nimeweka kidokezo [[likely]] (sharti hutimia mara nyingi), nikageuza [[unlikely]], wapi! Picha zina madoa kila mahali, hazina mpangilio wowote. Nakosea wapi?

Jibu 1:
Mangi, hizo zinaiambia kompaila njia ipi hupitwa zaidi, basi. Zako ni nusu kwa nusu. Prosesa hapo inabeti, na mkeka ukichanika inatupa kazi iliyokwisha kuanza. Kwenye prosesa nyingi za sasa ni kama mizunguko 15 hadi 20 imekwenda na maji. Kama kompaila yako ni Clang, zungushia sharti `__builtin_unpredictable`. Kompaila ya GCC haina hiyo, ila tangu toleo la 9 ina `__builtin_expect_with_probability`, mpe 0.5.

Mtoa mada:
Nimejaribu kwa Clang, -O2 (kiwango cha uboreshaji). Tawi bado lipo palepale.

Jibu 2:
Litabaki tu. Kidokezo ni ombi, si amri. Halafu tazama: ndani ya if unaandika kwenye kumbukumbu. Kompaila hairuhusiwi kubuni uandishi ambao wewe hukuuomba, kwa hiyo cmov (amri ya prosesa ya kuchagua thamani bila tawi) pekee haitoshi. Uombe mwenyewe:

`orodha[n] = i;`
`n += p[i] < kiwango;`

Unaandika kila mara, ila n inasogea sharti likitimia tu. Ukiandika takataka, sawa, itafutwa na inayofuata. Angalizo: orodha iwe na nafasi sawa na pikseli zote, la sivyo utaandika nje ya uzio, na hilo utalitafuta usiku kucha (yalinikuta).

Jibu 3:
Mkuu, pima kwa picha za kahawa safi pia. Madoa yakiwa machache prosesa hubashiri vizuri, if ya kawaida inaweza kushinda.

Mtoa mada:
Jibu 2, ubarikiwe! branch-misses za mstari ule zimeyeyuka. Kwa picha safi, kweli if ya zamani imeshinda kidogo. Nabaki na mpya, maana mzigo mchafu ndio uliokuwa unanikwamisha.

Jibu 1:
Mbege lini?