Naomba ushauri: taarifa ya mwaka ya ofisi ya uhifadhi wa historia ya kabila (Marekani), nini kihesabiwe na nini kisiandikwe?

Mtunza_Kumbukumbu aliandika:

Wanajukwaa, salaam.

Mimi ni Mtanzania niliyeajiriwa South Dakota, katika ofisi ya uhifadhi wa historia ya kabila moja la wenyeji asilia wa Marekani. Tuko wawili tu: mkurugenzi, ambaye ni mtu wa kabila lenyewe, na mimi ninayeshika kumbukumbu na hesabu za ruzuku. Mwaka wa fedha wa serikali ya shirikisho hufungwa tarehe 30 Septemba, na baada ya hapo tunatakiwa kuiandikia Idara ya Hifadhi za Taifa yale tuliyoyatimiza kwa fedha za Mfuko wa Uhifadhi wa Historia.

Kwa wasioifahamu kazi hii, Sheria ya Uhifadhi wa Historia ya mwaka 1966 ilitekelezwa kwa muda mrefu kupitia maafisa wa majimbo, hadi marekebisho ya mwaka 1992 yaliporuhusu makabila yenyewe kuchukua majukumu hayo katika ardhi zao. Makabila 12 ya kwanza yaliidhinishwa mwaka 1996, na leo yenye ofisi hizi yamepita 200.

Nina maswali mawili. La kwanza ni la hesabu. Kifungu cha 106 cha sheria hiyo kinaitaka kila idara ya shirikisho inayojenga, inayotoa kibali au inayogharimia mradi izingatie athari zake kwa maeneo ya kihistoria na kushauriana na wahusika. Kwa hiyo barua zinamiminika mwaka mzima, nyingi zikihusu minara ya simu, nyaya za intaneti na barabara, tena katika maeneo yaliyo mbali sana na ardhi ya sasa ya kabila, kwa kuwa mababu zao waliishi huko kabla ya kusukumwa. Je, nihesabu barua zilizoingia au zile tulizozijibu?

La pili ni gumu zaidi. Jambo ambalo mkurugenzi analionea fahari mwaka huu ni kwamba njia ya barabara moja ilisogezwa ili isipite mahali ambapo wazee wanapaheshimu, lakini wazee hao hao hawataki mahali hapo paelezwe kwenye karatasi yoyote ya serikali. Fomu nayo inataka mafanikio. Naomba kuwasilisha.

Karani_wa_Ruzuku alijibu:

Ndugu, nimeshughulika na ruzuku za shirikisho kwa muda mrefu, ingawa si za makabila peke yake. Kuhusu hesabu, usichague kimoja. Toa idadi ya barua zilizoingia, kisha idadi ya zile mlizozipitia na kuzitolea maoni, halafu utenganishe miradi iliyo ndani ya ardhi ya kabila na ile iliyo nje yake. Utengano huo una maana kisheria: ndani ya ardhi yenu ofisi imechukua nafasi ya afisa wa jimbo, na nje yake idara hushauriana na kabila kwa sababu eneo lina umuhimu wa kidini au wa kiutamaduni kwao. Ukivichanganya, msomaji ataona tarakimu kubwa asiyoweza kuipima.

Barua ambayo haikujibiwa ndani ya siku 30 inayo hadithi yake. Kwa kawaida idara ikikosa jibu katika muda huo inaweza kuendelea na hatua inayofuata, kwa hiyo pengo kati ya zilizoingia na zilizojibiwa ndilo linaloonyesha uzito ulioelekezwa kwa watu wawili. Liandike waziwazi na useme sababu yake. Fungu la makabila hugawanywa kwa ofisi zote zilizoidhinishwa, na kadiri zinavyoongezeka ndivyo kila moja inavyobanwa. Wanaotetea bajeti wanahitaji ushahidi wa namna hiyo kuliko sifa.

Jambo la mwisho: anza daftari tarehe 1 Oktoba. Mstari mmoja kwa kila barua unatosha: mradi, idara iliyoandika, tarehe ya kuingia, tarehe ya jibu, uamuzi. Anayesubiri Septemba ndipo afukue barua pepe atakisia tu.

Babu_Mstaafu alijibu:

Msisahau ekari zilizokaguliwa kutafuta maeneo ya kihistoria, ziara za wanafunzi na mikutano na wazee. Ofisi nyingi hujaza sehemu ya Kifungu cha 106 na kuziacha nyingine tupu, kana kwamba hawakufanya kitu.

Mwana_wa_Kilifi alijibu:

Nitachangia swali la pili. Misitu ya Kaya za Wamijikenda, yaani misitu mitakatifu ya pwani ya Kenya yenye mahame ya vijiji vya mababu, iliingizwa kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008, na ramani za misitu yenyewe zipo. Hata hivyo, mahali lilipozikwa fingo, kinga ya kaya, ni siri ya wazee, na uhifadhi umeendelea bila siri hiyo kutolewa.

Huko kwenu Kifungu cha 304 cha sheria hiyo hiyo kinairuhusu serikali kuzuia taarifa za mahali na tabia ya eneo pale ambapo kuzitoa kungeleta uharibifu au kuvuruga ibada. Ila kinga hiyo ina masharti yake, na karatasi iliyokwisha kufika serikalini inaweza kuombwa na mwananchi yeyote chini ya sheria ya uhuru wa habari. Kwa maoni yangu msiitegemee. Andikeni matokeo na utaratibu, mahali pabaki kwa wazee, na kabla ya kutuma mkurugenzi awasomee wazee aya hiyo.

Mtunza_Kumbukumbu aliandika:

Nawashukuru sana, wakuu. Rasimu yangu ya aya hiyo ni hii: «Kufuatia mashauriano na wazee, njia ya barabara kaskazini mwa daraja ilisogezwa ili kuepuka chemchemi yenye umuhimu wa kiutamaduni. Hakuna athari iliyotokea.»

Mwana_wa_Kilifi alijibu:

Ondoa daraja, ondoa kaskazini, na chemchemi uiite eneo. Badala yake taja idara iliyokubali kubadilisha michoro na mwezi ilipokubali. Hayo hayamfichulii mtu mahali, nayo ndiyo yanayothibitisha kwamba ofisi yenu ilifanya kazi.